Je, wajua kwa nini mionzi ya siku 5 ya saratani ya titi haianzi kesho yake baada ya upasuaji?

Mwanamke aliyeondolewa uvimbe wa saratani akabakiziwa titi, mara nyingi hupangiwa mionzi. Upasuaji huondoa kile kinachoonekana, na mionzi huwinda seli zilizobaki bila kuonekana. Kwa miaka mingi matibabu hayo yalikuwa safari 25 za hospitali, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5 mfululizo. Sasa wengi humaliza kwa wiki 3, na wapo wanaomaliza kwa wiki moja. Ndugu wa mgonjwa wakisikia hivyo huingiwa na wasiwasi: siku 5 zitatosha kweli? Na kama ni siku 5 tu, mbona amepewa tarehe ya mwezi ujao?

Tuanze na kutosha. Mionzi huharibu vinasaba vya seli. Imani ya zamani ilikuwa kwamba dozi ndogondogo humlinda mgonjwa, kwa sababu seli zenye afya hupata muda wa kujikarabati kati ya dozi moja na nyingine, ilhali seli za saratani hushindwa. Kwa saratani nyingi hilo ni kweli. Lakini watafiti wa Uingereza, akiwemo Profesa John Yarnold, walishuku kwamba saratani ya titi ina tabia tofauti: ukubwa wa kila dozi huiumiza karibu sawa na unavyoiumiza nyama yenye afya iliyo jirani. Ikiwa ni hivyo, kuna faida gani kuigawa dozi vipande 25? Afadhali vipande vichache vikubwa zaidi, mradi jumla yake ipunguzwe.

Na jumla hupunguzwa kweli, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mionzi hupimwa kwa grei. Mpango wa zamani ulikuwa grei 50 kwa mara 25. Wa wiki 3 ni grei 40 kwa mara 15. Wa wiki moja ni grei 26 kwa mara 5. Huo wa mwisho ulipimwa katika utafiti wa FAST-Forward, Uingereza, kwa wagonjwa zaidi ya 4,000, na matokeo yake yakatoka mwaka 2020. Baada ya miaka 5, saratani ilikuwa imerudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 2.1 ya waliopata wiki 3, na asilimia 1.4 ya waliopata grei 26 kwa wiki moja. Kundi jingine lilipewa grei 27, nalo likapata madhara zaidi ya titi, kama kukakamaa na kuvimba. Grei moja tu! Ndiyo maana siku 5 si kazi ya kukisia, na ndiyo maana si kila mgonjwa huwekwa humo. Anayehitaji mionzi ya matezi ya kwapa, kwa mfano, mara nyingi bado hupewa wiki 3.

Sasa, mbona kungoja? Kwanza kidonda. Mionzi hupunguza kasi ya ngozi kujiunga, na mshono ambao haujakauka unaweza kufumuka au kupata maambukizi. Pili, majibu ya maabara. Uvimbe ulioondolewa hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini: kingo zake ni safi? Matezi yameguswa? Kingo zikionekana na saratani, huenda mgonjwa akarudi kwanza kwa daktari wa upasuaji. Tatu, pale uvimbe ulipotoka hubaki uwazi unaojaa majimaji, na uwazi huo husinyaa wiki hadi wiki. Ukipimwa mapema mno, ramani ya mionzi itaonyesha eneo kubwa kuliko linalohitajika. Ndiyo sababu madaktari wengi wa upasuaji huacha humo vibanio vidogo vya titani, vinavyoonekana kwenye picha za siti skani hata majimaji yakishakauka. Siku ya vipimo mgonjwa hulala mikono juu ya kichwa, huwekewa nukta ndogo za wino, na kama ni titi la kushoto huenda akafundishwa kuvuta pumzi na kuishikilia ili moyo usogee mbali na mionzi.

Asiyehitaji dripu za kemo hulengwa kuanza ndani ya wiki 8 hivi. Anayezihitaji kwa kawaida humaliza dripu kwanza, hupumzika wiki 3 au 4, ndipo huanza mionzi. Kuchelewa sana nako ni hatari, kwani seli zilizobaki hazilali.

Wapo waliojaribu kumaliza kila kitu mezani. Milan, Italia, utafiti wa ELIOT ulitoa grei 21 kwa mara moja wakati wa upasuaji. Baada ya miaka 5 saratani ilirudi kwenye titi kwa asilimia 4.4, dhidi ya 0.4 kwa waliopata mionzi ya kawaida. Tofauti hiyo kwa sehemu inaonyesha uzito wa majibu ya maabara: mezani bado hayajatoka, na ndiyo yanayosema nani anafaa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni zito zaidi. Mashine ni chache. Uganda ilipoharibikiwa na mashine yake pekee ya mionzi mwaka 2016, wagonjwa walilazimika kutafuta matibabu nje ya nchi. Muda wa mashine unaotumiwa na mgonjwa mmoja wa mara 25 unakaribia kutosha wagonjwa 5 wa mara 5. Na mama anayetoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akipangiwa siku 5 huhitaji malazi ya wiki moja badala ya tano. Aulize mapema tarehe ya vipimo, kwa sababu ramani ya mionzi nayo huchukua siku kadhaa kuandaliwa kabla ya dozi ya kwanza.