Je, wajua kwa nini mkulima wa Kiyahudi hakuruhusiwa kuvuna shamba lake lote?

Torati inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni. Katika Walawi 19 anaamriwa pembe za shamba awaachie maskini na mgeni, na masuke yatakayomponyoka mvunaji yasiokotwe tena. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza mganda uliosahauliwa kondeni: usiurudie, ni wa mgeni, yatima na mjane. Ndiyo maana Ruthu, mjane wa Kimoabu, aliweza kuingia katika shamba la Boazi na kuokota masazo.

Lakini kwa nini tajiri asivune vyote, akajaza ghala, kisha akagawa kadiri ya moyo wake? Kwa sababu kisheria kipande kile si chake tena. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200, ina kitabu kizima juu ya pembe hizo, na ukikisoma utaona kwamba waliokitunga walikuwa wakiwajua vizuri wenye mashamba. Kiwango cha chini ni sehemu moja ya sitini. Anayemruhusu maskini huyu kuokota na kumzuia yule, au hata anayemsaidia mmoja kati yao, anahesabiwa kuwa amewaibia maskini. Nani apate si shauri lake.

Hata mahali pamepangwa: mwisho wa shamba. Rabi Shimoni anatoa sababu zake katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna. Tajiri akiachiwa kuchagua mahali, atangoja watu watawanyike, amwite ndugu yake aje achukue. Maskini nao watapoteza siku nzima wakivizia ataacha wapi. Wapita njia watamshuku mtu aliyekwisha kuacha fungu lao. Na mjanja atadai aliacha, kumbe hakuacha kitu.

Kuchukua nako kuna taratibu. Mundu na jembe haviruhusiwi, wasije wakaumizana katika kugombania. Maskini huja mara tatu kwa siku, na wafafanuzi wanasema asubuhi iliwekwa kwa ajili ya wanaonyonyesha, adhuhuri kwa watoto, alasiri kwa wazee wanaotembea polepole. Maskini wasio Wayahudi nao hawafukuzwi, kwa ajili ya amani.

Asiye na shamba je? Wayahudi wa mijini walikuwa na mfuko wa jumuiya, uliogawiwa kila Ijumaa. Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, anajulikana zaidi kwa daraja zake nane za utoaji, ya juu kabisa ikiwa ni kumkopesha mtu, kushirikiana naye biashara au kumpatia kazi kabla hajafikia kuombaomba. Mimi navutiwa zaidi na alichoandika kuhusu mfuko huo: kwamba hajapata kuona wala kusikia jumuiya ya Kiyahudi isiyo nao. Fedha zilikusanywa na watu wawili, lakini waliogawa walipaswa kuwa watatu, idadi ileile ya mahakimu wanaoamua kesi ya mali, maana kugawa kulihesabiwa kuwa hukumu ya haki ya mtu. Na hakuna aliyesamehewa kuchangia. Hata maskini anayeishi kwa kupewa anatakiwa, katika kile alichopewa, atoe kidogo.