Udongo hauchuji kila kitu jamani

Ile meseji ya "maji ya kisima yameshachujwa na udongo, ni masafi, kunywa tu" imerudi tena kwenye magrupu, na naelewa kwa nini watu wanaiamini, maana maji yanaingia huko juu yana tope, yanatoka chini meupe kabisa. Nusu yake ni kweli. Udongo unanasa tope na vijidudu vingi, na chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi kwahiyo zinashika vitu vyenye chaji chanya kama potasiamu na risasi (yale madini, namaanisha).

Sasa naitreti, kemikali ya kwenye mbolea na vyoo, nayo ina chaji hasi, kwahiyo haishikwi, inateremka na maji mpaka kisimani. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuitoi, maji yakipungua ndo inazidi kukolea. Hatari kubwa ni kwa vichanga wanaokorogewa maziwa ya unga.

Jaribu mwenyewe: kata chupa ya plastiki, toboa kizibo, weka kitambaa na udongo, pitisha maji matupu halafu maji ya chumvi. Kinga kila moja kwenye sahani yake, anika juani. Sahani ya pili utakuta ukoko wa chumvi umeganda, wakati maji yalitoka bila tope. Naitreti nayo inapita hivyo hivyo.

Kisima kipimwe maabara, naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Na hiyo meseji ikikufikia usiifowadi, mwambie tu aliyekutumia.