Si pembe, ni meno: tunayokosea Mombasa kuhusu ndovu

Pale Mapembeni, barabara ya Moi, wageni hupigana picha chini ya zile pembe kubwa za alumini. Wenyeji tunapita tu. Lakini ndovu wenyewe tunawasemea mengi barazani, na mengine yananiuma.

Hili ndilo baya kuliko yote: eti ndovu hung'oka pembe kama mtoto anavyong'oka jino, watu wakaokota. Neno letu lenyewe linatupoteza. Zile si pembe, ni meno, na ndugu zetu wa Tanzania wamepatia wanaposema meno ya tembo. Jino hilo halidondoki likaota jingine. Karibu theluthi yake imezama ndani ya fuvu, na jangili anayelitaka zima humuua ndovu kwanza, kisha akamchanja uso. Meno ya ndovu waliojifia yapo, ila si hayo yanayojaza makontena.

Wengine husema ujangili ni mambo ya bara. Bara ipi? Maji tunayokunywa Mombasa, sehemu yake hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, mbuga ya ndovu hao hao. Na shehena kadhaa kubwa za pembe zilizonaswa Asia zilipakiwa hapa hapa bandarini Kilindini.

"Mbona Voi, kando ya Tsavo, ndovu wamejaa?" Kweli wameongezeka: Kenya ilibaki na ndovu kama 16,000 mwaka 1989, na hesabu ya 2021 ikapata 36,280. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 160,000. Jike hubeba mimba miezi 22, huzaa mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Pengo hilo halizibiki upesi.

Kisha kuna ukame, tunaousema kama kwamba ni kazi ya Mungu peke yake. Unaua, sikatai. Mwaka 1970 na 1971 Tsavo ilipoteza maelfu, wengi wao majike na watoto; mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, Kenya ilipoteza 205. Lakini ukame si mgeni nyika hii. Zamani ndovu aliifuata mvua popote ilikonyesha. Siku hizi njia zile zile za mababu zake zinamfikisha kwenye uzio, ranchi, lami, reli. Reli ya SGR imeachiwa mapito ya wanyama chini yake, na ndovu huyatumia. Akishavuka, mara nyingi anakuta shamba la mahindi, na mwenye shamba amekesha na tochi, maana hicho ndicho chakula cha wanawe.