Seli za kinga dhidi ya saratani ya ini: kilichoongezwa Houston

Ndugu wa wagonjwa hutuuliza: kama seli za kinga zilizobadilishwa maabara zinatibu saratani ya damu, na Marekani iliziidhinisha tangu 2017, mbona ini bado?

Shabaha ipo. Mtoto akiwa tumboni, ini lake hutengeneza protini iitwayo glipikani-3, kisha huiacha baada ya kuzaliwa. Saratani ya ini ikianza, kwa wagonjwa wengi protini hiyo hurudi juu ya seli za uvimbe, huku sehemu nzima ya ini ikiwa haina. Basi mgonjwa hutolewa damu, seli T, yaani askari wa kinga walio kwenye damu, hutengwa, hupandikizwa jeni ya kuitambua glipikani-3, kisha huzalishwa kwa mamilioni. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kupunguza seli zake za zamani, ili hizi mpya zipate nafasi. Zenyewe huja katika kifuko kidogo cha dripu kinachoisha kwa dakika chache tu.

Kilichozishinda ni njaa. Ndani ya uvimbe seli T hukosa vichocheo vya kuziweka hai. Hufika, huchoka, hufa. Novemba 2024, watafiti wa Baylor College of Medicine na Texas Children's Hospital, Houston, walichapisha matokeo katika jarida la Nature. Wagonjwa 12 walipewa seli za kuitambua glipikani-3 bila nyongeza: hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa vya kutosha kuhesabiwa. Wengine 12 walipewa seli zilizoongezewa jeni ya intaleukini-15, yaani zilizobeba chakula chao. Ugonjwa ulidhibitiwa kwa 8, na kwa 4 kati yao uvimbe ulisinyaa. Naiona ni hatua kubwa, ingawa wagonjwa ni wachache.

Lakini kinga ikichachamaa huleta homa kali na kushusha presha, na kundi la pili liliathirika zaidi. Ndiyo maana seli hizo ziliwekewa swichi: dawa maalumu ikidungwa, zinajiua.

Bado ni majaribio. Anayekuuzia tiba hii ya ini kama dawa ya kawaida, mkimbie. Mtoto apelekwe chanjo ya homa ya ini B, maana virusi vyake huweza kuleta saratani ya ini. Tanzania huanza akiwa na wiki 6. Na mwenye virusi hivyo ambaye ini lake limeshapata makovu apigwe ultrasaundi kila miezi 6, maana uvimbe ukiwa mdogo bado unaweza kukatwa.