Je, wajua kwa nini mpira wa kurudisha oili kutoka filta ya baipasi hauchomekwi mahali popote tu?

Kila lori la dizeli lina filta kuu ya oili, na oili yote hupita humo kabla ya kufika kwenye beringi. Filta hiyo haitakiwi kuinyima injini oili hata kidogo, kwa hiyo matundu yake yameachwa makubwa kiasi. Inashika vizuri takataka za mikroni 20 hadi 40 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini masizi na vumbi laini hupenya. Filta ya baipasi ndiyo huyashughulikia hayo. Huchota sehemu ndogo ya oili, kwa kawaida isiyozidi asilimia 10 ya inayosukumwa na pampu, huichuja taratibu hadi mikroni 2 au 3, kisha huirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Volvo D13 hutoka kiwandani na filta kuu mbili na moja ya baipasi. Scania nyingi zina kisafishio cha kuzungusha oili kwa kasi, yaani sentrifuji. Kwenye malori mengine filta hii hufungwa baadaye, na kazi huharibikia kwenye mpira wa kurudisha: wa kuleta oili unafungwa kwa uangalifu, wa kurudisha unachomekwa palipopatikana nafasi.

Kinachoisukuma oili ipite kwenye filta ni tofauti ya presha, basi. Injini ikiwa kwenye mwendo, upande wa kuingilia una bar 3 hadi 5. Upande wa kutokea unatakiwa uwe karibu na sifuri. Ukiurudisha kwenye tundu lolote la bloku lenye presha, pande zote mbili zinalingana na oili inasimama. Geji itasoma vizuri, hakutavuja popote, na siku ya kubadilisha utaikuta elementi, yaani sehemu ya kuchujia iliyo ndani ya filta, safi kama ilivyotoka dukani. Kwa hiyo kabla ya kufunga, hakikisha tundu ulilochagua linaingia sampu au kwenye nafasi iliyo wazi ndani ya injini. Plagi za bloku hazina alama, na mbili zilizokaribiana zinaweza kuwa moja ya presha na nyingine isiyo na presha.

Je, mpira uishie chini ya usawa wa oili au juu? Kwa filta ya elementi, hesabu inaruhusu kote kuwili. Oili yenye kina cha sentimita 20 hurudisha msukumo wa takriban bar 0.017, ambao si kitu mbele ya bar 3. Hata hivyo juu ni bora, na sababu iko barabarani na gereji. Mpira uliofungwa kwenye nati ya kumwagia oili ukipigwa na jiwe, sampu yote inamwagika, hata injini ikiwa imezimwa. Tena filta ikiwa imefungwa chini kwenye chasisi, ukiifungua kubadilisha elementi oili ya sampu inarudi kinyumenyume kupitia mpira huohuo hadi sakafuni.

Kwa sentrifuji hakuna hiari: lazima iwe juu. Presha yote imeshatumika kuzungusha rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, na oili inatoka kwenye kopo lake kwa uzito wake tu. Mpira wa kurudisha uwe mnene, uteremke mfululizo bila kuning'inia katikati, na uishie juu ya oili. Ukipanda kidogo tu, kopo linajaa, rota inazama kwenye oili na kupoteza kasi, na uchafu haushikwi tena.

Mahali pazuri ni plagi ya ubavuni mwa sampu iliyo juu ya alama ya juu ya dipstiki, au taiming kava yenye tundu lililo wazi. Kifuniko cha kujazia oili kinakubalika kwa filta ya elementi, ila oili isirushwe karibu na kipumulio, maana itatoka na moshi wa injini. Usiielekeze kwenye kranki inayozunguka. Oili itatoa povu. Paipu ya kurudisha oili ya tabo (turbo) iache kabisa. Hiyo nayo hutegemea uzito wa oili tu, na ukiiongezea mzigo oili inapanda na kuvuja kwenye sili za tabo.

Oili ya kuingia ichotwe kwenye tundu la swichi ya presha kwa kiungo cha T, kwa mpira wa robo inchi. Wa kurudi uwe 3/8 au zaidi. Linganisha nyuzi kabla ya kukaza: ya NPT (nyuzi za Kimarekani zenye umbo la koni) ikilazimishwa kwenye tundu la milimita hupasua aluminiamu. Tumia mpira wa oili ya moto, si wa dizeli, mbali na manifoldi ya ekzosi, na uachie ulegevu kwa sababu injini hutikisika na chasisi haitikisiki.

Usiguse tundu dogo la kubana oili lililomo kwenye filta, mara nyingi la milimita 1 hadi 1.5. Ukilitoboa likafika milimita 3, oili inayopita huwa kama mara nne hadi tisa, na injini ya moto kwenye sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) itakosa presha.

Jaza filta oili kwanza, washa, kagua viungo, kisha ongeza oili hadi alama. Injini ikishapata moto, zima, toa ncha ya mpira wa kurudisha, iweke kwenye chombo kisafi na uwashe kwa nusu dakika. Kwenye sailensa ikitoka mfululizo bila kukatika, inafanya kazi. Ikidondoka matone tu, anza na tundu la kubana, kisha elementi. Baada ya hapo, kila ukisimama njiani shika ganda la filta: injini ikiwa ya moto na ganda likawa la baridi, oili haipiti.