Balozi wa Makanali? Tusome Hati Kwanza

Kila inapotajwa Ugiriki ya 1967 hadi 1974, hakosekani wa kusema kwamba mwanadiplomasia aliyebaki kazini chini ya makanali, yaani maofisa wa jeshi waliotwaa madaraka kwa mapinduzi, alikuwa kibaraka, na kwamba mwenye dhamiri angejiuzulu asubuhi ile ile ya mapinduzi. Nimechoka kulisikia. Anayesema hivyo hajajiuliza swali la kwanza la kazi hii: hati za utambulisho za balozi, yaani barua inayomtambulisha kwa nchi mwenyeji, zimesainiwa na nani?

Balozi hatumwi na waziri mkuu. Mkuu wa nchi ndiye anayemwandikia mwenzake kwamba huyu ni mtu wangu, yapokee atakayosema kwa niaba yangu. Kwanza inaombwa ridhaa ya nchi mwenyeji. Balozi akifika anapeleka nakala Wizara ya Mambo ya Nje, kisha siku ikipangwa anakabidhi hati halisi pamoja na barua ya kumwondoa mtangulizi wake. Serikali ikianguka nyumbani, hati hiyo haifi. Katika ufalme, hati mpya zinatakiwa anapobadilika mfalme.

Sasa rudi 21 Aprili 1967. Maofisa wa jeshi Papadopoulos, Pattakos na Makarezos wameingiza vifaru Athens, lakini Mfalme Constantine II yupo, na serikali ya Konstantinos Kollias, mwendesha mashtaka wa Mahakama Kuu, inaapishwa mbele yake. Kwa balozi wa Ugiriki aliyeko London au Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati huo, kesho yake hakuna karatasi hata moja iliyobadilika. Mfalme ni yule yule, sahihi ni ile ile. Nchi nyingine nazo hazikulazimika kutamka kama zinautambua utawala mpya au la, kwa sababu mkuu wa nchi hakubadilika.

Tarehe 13 Desemba mfalme akajaribu kuwapindua makanali, akashindwa, akakimbilia Roma. Watu wengi hudhani ufalme uliisha siku hiyo. Haukuisha. Makanali walimteua Jenerali Georgios Zoitakis kushika nafasi ya mfalme, mambo yakaendelea kwa jina la mfalme asiyekuwepo. Waliobanwa ni mabalozi wa kigeni mjini Athens: waliidhinishwa kwa mtu ambaye sasa yuko Italia. Marekani ilisitisha mawasiliano rasmi, ikayarudisha Januari 1968. Ufalme wenyewe ulifutwa 1 Juni 1973. Kwa hiyo unaponiambia "angejiuzulu siku ya kwanza", nitajie tarehe. Aprili? Desemba? Juni ya miaka 6 baadaye? Kila tarehe ina hoja yake, na mtu mwadilifu angeweza kuchagua yoyote kati ya hizo.

Haina maana kwamba wote walikuwa sawa. Panagiotis Pipinelis, mwanadiplomasia wa kazi na mfuasi wa mfalme, alikubali uwaziri wa mambo ya nje Novemba 1967, wakati mgogoro wa Kupro ulikaribia kuzaa vita na Uturuki, akaushika mpaka alipofariki 1970. Ni yeye aliyesimama Paris 12 Desemba 1969 kutangaza kwamba Ugiriki inajitoa Baraza la Ulaya, kabla kura ya kuisimamisha uanachama haijapigwa, huku ripoti ya Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuhusu mateso ikiwa mezani. Kuzuia vita ni jambo moja. Kuwakingia kifua watesaji ni jingine, na hilo simtetei.

Halafu kuna Giorgos Seferis, mshairi na mwanadiplomasia, ambaye wasemaji wangu humtaja kama kipimo cha usafi. Ni kweli: tarehe 28 Machi 1969 kauli yake dhidi ya utawala ule ilisomwa BBC, na wizara ikamvua cheo cha balozi wa heshima na haki ya kutumia pasipoti ya kidiplomasia. Lakini mwaka 1969 alikuwa mstaafu tangu 1962, na tuzo ya Nobel ya 1963 ilikuwa kinga yake. Na waziri mkuu Metaxas alipovunja bunge na kuanza udikteta wake 4 Agosti 1936, Seferis hakujiuzulu. Alikwenda Korçë, Albania, kuwa konseli, na kuanzia 1938 alisimamia masuala ya vyombo vya habari vya nje mjini Athens, ndani ya udikteta ule. Simpunguzii heshima hata chembe. Ila ukimfanya Seferis kipimo, mpime Seferis mzima.

Na kujiuzulu kwenyewe? Mwanzoni mwa Julai 1974, Brigedia Ioannidis, aliyempindua Papadopoulos Novemba 1973, akiwa ndiye mwenye nguvu, waziri wa mambo ya nje Tetenes aliachia ngazi, na pamoja naye Angelos Vlachos, katibu mkuu wa wizara, na mwanadiplomasia Ioannis Tzounis. Tarehe 13 Lagakos, balozi wa Ugiriki nchini Kupro, aliitwa kutoka Nicosia, mji mkuu wa kisiwa hicho, kwenda Athens kwa mashauriano. Tarehe 15 Makarios, rais wa Kupro, akapinduliwa na Kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha Kupro kilichoongozwa na maofisa wa Kigiriki. Tarehe 20 majeshi ya Uturuki yakatua Kupro.

Hapa nasita. Wale watatu wangebaki, kungekuwa na mtu wizarani wa kupaza sauti wiki ile. Naelekea kuamini kisingebadilika kitu, maana amri zilipita kwa maofisa wa jeshi bila kugusa wizara. Lakini asubuhi ya 15 Julai ubalozi wa Ugiriki Nicosia haukuwa na balozi wake, na kila nikiusoma mfuatano wa tarehe hizo nabaki na wasiwasi.