Kabla ya kuchagua mada ya uzamili wa historia, fungua jalada

Wanaotaka kusoma shahada ya uzamili katika historia hunijia na mada zenye ukubwa wa nchi: "Historia ya elimu Tanganyika", "Wanawake na ukoloni". Huwauliza jambo moja tu: umeona nyaraka gani? Wengi hunyamaza, na siwalaumu. Shahada ya kwanza iliwazoesha kusoma vitabu vya wanahistoria na kuvijibia mtihani. Huku juu unatakiwa uulize swali ambalo bado halijajibiwa vya kutosha, kisha ulijibu kwa ushahidi uliouchambua mwenyewe.

Chukua Vita vya Maji Maji, ambavyo wengi hudhani vimeshaandikwa vikaisha. Vilianza Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa Mohoro Agosti 4 mwaka huohuo. Hayo hata mwanafunzi wa sekondari anayajua. Sasa tazama ushahidi wenyewe. Upande mmoja zipo taarifa za maofisa wa Kijerumani, watu waliokuwa na mengi ya kujitetea mbele ya wakubwa wao wa Berlin. Upande wa pili yapo masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 baada ya vita kuanza, lakini pia ni miaka 7 tu baada ya Uhuru, na hesabu hiyo ya pili ndiyo hunishughulisha zaidi. Mzee aliyehojiwa alikuwa akisema ndani ya taifa changa, na wasomi wa wakati ule walikuwa wakitafuta mizizi ya taifa hilo. Waliiona, na sidhani kwamba waliibuni. Waliokuja baadaye wakarudi kwenye ushahidi wa vita vilevile na kuuliza habari za njaa, nguruwe pori waliomaliza mashamba, misitu ambayo serikali iliwafungia wanavijiji, na wanawake walioachiwa mzigo wa kilimo. Maji Maji ikageuka sura.

Mapitio ya maandiko katika tasnifu yanapaswa kueleza mgeuko wa namna hiyo: nani aliuliza nini, wakati gani, na kwa nini wakati huo. Nyingi ninazozisoma huorodhesha tu fulani kasema hivi na fulani kasema vile, kama rejesta ya darasa.

Kisha kuna lugha, na hapa ndipo mada nzuri hufia. Nyaraka za Kijerumani zilizo katika hifadhi ya taifa Dar es Salaam ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Zilizoandikwa kwa mkono zina mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huusoma kwa taabu mpaka afundishwe. Zanzibar nako hati na vitabu vya Kiarabu viliingia katika orodha hiyo mwaka 2003. Usisahau pia barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Aliyepita madrasa ana mtaji hapo, ingawa wanafunzi wangu wengi waliosoma chuo cha Kurani utotoni hawafikirii kuutaja wanapoomba nafasi.

Jalada lisilokuwepo nalo lina habari zake. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba imehifadhi Hanslope Park, kituo chake kilichoko Uingereza, maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni wakati wa uhuru. Hilo lilijitokeza katika kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki serikali hiyo mjini London kwa mateso ya wakati wa ukoloni. Wanahistoria waliokuwa wamesota kwenye nyaraka za Kenya walijua kuna mengine yaliondolewa, nao wakatoa maelezo mahakamani. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Anayekuuliza historia ina faida gani, mpe hiyo kwanza, mengine baadaye.

Kwa wazee wa kijijini, usiende mara moja ukaondoka na kinasa sauti chako. Safari ya kwanza utapewa historia ya wageni, ile wanayopewa watu wa serikali. Rudi. Kaa msibani ukiwakuta msibani. Ukianza kuona wanapingana mbele yako, ujue kazi imeanza.

Kibali cha utafiti hutolewa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya; kiombe mapema kabla hujakata tiketi. Beba penseli, maana vyumba vingi vya kusomea nyaraka haviruhusu kalamu ya wino. Na ukifungua jalada, andika namba yake kabla ya neno jingine lolote. Ninayo nukuu moja tamu ya karani wa wilaya, niliyoinakili nikiwa mwanafunzi bila kuandika namba. Ipo kwenye daftari mpaka leo, na sijawahi kuitumia popote.